Kutaka, Kutarajia, Kudai: Mpigakura Anasubiri Nini kwa Serikali Yake?

Mjomba wangu alipostaafu alikuwa na haja moja tu serikalini: karatasi ya kuthibitisha miaka aliyofanya kazi. Nilimsindikiza mara ya tatu alipoifuata. Dirishani alikaa kijana ambaye hakuyaondoa macho kwenye kompyuta.

"Mzee, faili lako bado halionekani. Jaribu Jumatatu."

Mjomba akamjibu taratibu, "Mwanangu, hiyo Jumatatu unayoniambia ni ya tatu sasa. Niambie tu linatafutwa na nani, nami nitangoja."

Kijana akaita namba inayofuata.

Jioni ile nilimuuliza mjomba angependa serikali imfanyie nini. Nilidhani atasema pensheni iongezwe, maana kila siku huilalamikia. Akafikiri kidogo, akasema, "Wanijibu."

Kila uchaguzi unapokaribia hulikumbuka jibu hilo, hasa ninapowasikia wachambuzi wakisema mpigakura hajui anachotaka. Muulize kama kodi ipunguzwe, atasema ndiyo. Muulize kama hospitali na shule ziongezewe fedha, atasema ndiyo vilevile. Basi huhitimisha kwamba ni mtu wa kutaka vyote bila kulipia chochote. Mimi sikubaliani nao. Nadhani wanachokiona kama mkanganyiko kichwani mwa mpigakura ni maswali kadhaa tofauti yaliyofungwa fundo moja, na fundo hilo linafunguka ukilishika uzi mmoja mmoja.

Uzi wa kwanza uko kwenye mfano unaopendwa na wachambuzi hao, ule wa California, Marekani. Juni 1978 karibu thuluthi mbili ya waliopiga kura jimboni humo walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka kikomo kwamba kodi ya nyumba na ardhi isizidi asilimia 1 ya thamani yake. Miaka 10 baadaye, mwaka 1988, wapigakura wa jimbo hilohilo wakapitisha, kwa tofauti ndogo ya kura, Pendekezo la 98, linaloilazimu serikali kutenga kila mwaka kiwango cha chini cha fedha kwa ajili ya shule za umma. Yaani kwanza wamepunguza mapato, kisha wakaagiza matumizi.

Ukiishia hapo utasema walikuwa wakijipinga wenyewe. Lakini rudi nyuma uone kilichowafikisha huko. Katika miaka ya 1970 thamani ya nyumba California ilipanda kwa kasi, na kodi ikapanda nayo, kwa kuwa ilikadiriwa kwa kufuata soko. Mstaafu aliyenunua nyumba yake zamani, ambaye kipato chake hakijaongezeka hata kidogo, alifungua bahasha ya serikali akakuta anadaiwa kiasi ambacho hakukipangia. Nyumba ni ileile, paa ni lilelile, deni ni jipya. Pendekezo la 13 lilikuwa na kipengele cha pili ambacho wengi hukisahau: thamani inayotumika kukokotoa kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa. Kwa maoni yangu kiini cha jambo kiko hapo. Wengi wao walikuwa wamechoka kushtukizwa. Walitaka kujua leo watadaiwa kiasi gani mwakani. Na walipopigia kura fedha za shule miaka 10 baadaye, walizitakia shule jambo lilelile walilojitakia wao, yaani uhakika wa mwakani.

Dawa waliyoichagua ilikuwa na madhara, hilo lazima lisemwe. Mapato ya miji na shule yalishuka, maamuzi ya fedha yakahamia serikali ya jimbo kule Sacramento, na hadi leo majirani wawili wenye nyumba zinazofanana wanaweza kulipa kodi tofauti kabisa kwa sababu tu mmoja alinunua mapema. Mtu anaweza kuwa na dai la haki na bado akapewa njia mbovu ya kulitimiza. Anayesoma matokeo ya kura akaishia kwenye ile njia tu, dai lenyewe hupita mbele ya macho yake bila kuliona.

Uzi wa pili ni namna swali linavyoulizwa. Uswisi ni mahali pazuri pa kuliona hili, kwa kuwa wananchi huko huitwa kupiga kura juu ya hoja mahususi mara kadhaa kwa mwaka, na kila mpigakura hutumiwa kijitabu chenye hoja za pande zote. Machi 2012 waliulizwa kama kila mfanyakazi apate likizo ya wiki 6 kwa mwaka badala ya 4. Thuluthi mbili walikataa. Likizo ya bure, wakaikataa! Lakini hawakuiona kuwa ni ya bure: mjadala mzima ulikuwa juu ya nani atalipia siku hizo, na waajiri wadogo watazimudu vipi. Machi 2024 wananchi wa nchi hiyohiyo waliulizwa kama wazee waongezewe malipo ya pensheni ya mwezi wa 13, na asilimia 58 wakakubali. Siku hiyohiyo, karibu robo tatu wakakataa umri wa kustaafu usogezwe mbele. Safari hii swali la pensheni halikusema fedha zitatoka wapi; hilo lilibaki mikononi mwa bunge. Wapigakura ni walewale, wenye akili ileile. Kilichobadilika ni kama gharama imewekwa mezani au imeachwa nje ya mlango.

Ndiyo maana utafiti wa maoni unaouliza tu "ungependa serikali iongeze nini?" hautuambii mengi. Ni kama kumuuliza mtu angependa kupumzika au la. Uliza badala yake angekuwa tayari kuacha nini, utaanza kusikia sauti ya mtu anayeendesha nyumba na kujua kwamba fedha huisha.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana Kiswahili kimetutenganishia mambo ambayo mijadala ya siasa huyachanganya. Kutaka ni jambo moja. Kutarajia ni jingine: ni kile unachoamini kwamba kitatokea kweli. Kudai ni la tatu: ni kile unachokiona kuwa ni chako, kwamba asiyekupa amekunyima. Mtu anaweza kutaka maji yatoke bombani siku zote, akatarajia yatoke mara mbili kwa wiki, na asidai kitu, kwa kuwa hajawahi kuona anayedai akipata. Huyu ukimuuliza kama ameridhika na huduma, anaweza kukujibu ameridhika. Kiwango chake kimewekwa na mazoea. Mwingine ambaye maji yake hukatika mara moja kwa mwaka atakupigia simu kwa hasira siku hiyohiyo. Ukizilinganisha takwimu za kuridhika kwao bila kujua hilo, utaamini kwamba wa kwanza anahudumiwa vizuri kuliko wa pili.

Hapo ndipo serikali nyingi hujikuta zikishangaa kwamba zimefanya kazi na malalamiko yameongezeka. Barabara imejengwa, sasa watu wanalalamikia taa. Mimi naiona kuwa dalili njema, ingawa najua haimfurahishi aliye madarakani. Watu wametoka kwenye kutaka kimoyomoyo wakaingia kwenye kudai. Hatari iko kwenye lugha ya hisani, pale kiongozi anaposimama jukwaani na kusema "nimewaletea shule", kana kwamba alitoa mfukoni mwake. Kodi ilikatwa kwenye mishahara na kwenye kila bidhaa iliyonunuliwa, kisha inarudi ikiwa imefungwa utepe na jina la mtu. Anayepewa zawadi hushukuru, haombi risiti. Mlipakodi anayo haki ya kuomba risiti.

Orodha yenyewe ya mahitaji haina maajabu. Mtandao wa utafiti wa Afrobarometer, ulioanza mwaka 1999, huwauliza watu wataje kwa maneno yao wenyewe matatizo ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia, na ukosefu wa ajira umekuwa juu ya orodha mara nyingi, ukiambatana na afya, maji, barabara, elimu na hali ya uchumi. Kwingineko duniani orodha hutofautiana kwa mpangilio tu. Watu wanataka kipato, usalama, matibabu wakiugua, na watoto wao wapate elimu itakayowafaa. Sina cha kuongeza hapo. Penye utata ni pale mpigakura anapoamua nani wa kulaumiwa na nani wa kupongezwa.

Chukua gharama za maisha. Mwaka 2024 vyama tawala viliadhibiwa katika nchi ambazo hazifanani hata kidogo. Uingereza chama cha Conservative kiliondolewa baada ya miaka 14. Botswana chama kilichotawala tangu uhuru mwaka 1966 kilishindwa. Afrika Kusini ANC ilipoteza wingi wa kura kwa mara ya kwanza tangu 1994, India chama cha BJP kikalazimika kutegemea washirika ili kiunde serikali, Japani muungano tawala ukapoteza wingi wa viti bungeni, na Marekani chama kilichokuwa Ikulu kikatolewa. Kila nchi ilikuwa na yake. Botswana, kwa mfano, ilikuwa imeumizwa na kudorora kwa soko la almasi na vijana wengi kukosa kazi. Lakini bei zilizopanda baada ya janga la korona zilipita karibu kila mahali kama upepo mmoja.

Kwa nini bei ziumize serikali kiasi hicho? Ukosefu wa ajira huwapata baadhi ya watu. Bei humpata kila anayenunua chochote. Kuna na jambo la ndani zaidi. Mchumi Stefanie Stantcheva, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2024, alionyesha kwamba Wamarekani wanapoongezewa mshahara wakati wa mfumuko wa bei, wengi huona nyongeza hiyo ni matunda ya bidii yao kazini. Bei zikipanda, hilo ni kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo hata aliyepata nyongeza inayolingana na bei hujiona ameibiwa: alichokitolea jasho kimemezwa.

Juu ya hapo kuna kutoelewana kwa maneno kunakonisikitisha kwa sababu kungeweza kuepukwa. Waziri husema mfumuko wa bei umeshuka. Mwananchi akitoka dukani anaona huyo mtu anamdanganya. Wote wawili wako sahihi. Kitu kilichouzwa 100 kikipanda hadi 120 kwa mwaka mmoja, mfumuko ni asilimia 20. Mwaka unaofuata kikifika 123.6, mfumuko ni asilimia 3 tu, na waziri anashangilia. Lakini mnunuzi bado analipa 123.6, na kichwani mwake bei halali ni 100. Alichotarajia aliposikia "umeshuka" ni kurudi kwenye 100. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichopungua ni kasi ya kupanda, na kwamba bei ya zamani kwa kawaida hairudi. Serikali ikisema hivyo waziwazi itapoteza shangwe za siku moja, lakini itabaki na mtu anayeiamini.

Kinga ni bora kuliko tiba, tunasema, ila kwenye sanduku la kura kinga hailipwi. Mwaka 2009 watafiti Andrew Healy na Neil Malhotra walichapisha uchambuzi wa matumizi ya serikali ya Marekani kwenye majanga. Waligundua kwamba wapigakura humzawadia rais kwa fedha za misaada baada ya janga, lakini hawamzawadii kwa fedha za kujiandaa kabla halijatokea. Na walikadiria kwamba dola 1 ya maandalizi huokoa hasara ya takriban dola 15 huko mbele. Mfereji uliozibuliwa mapema hauna picha gazetini. Helikopta inayoshusha mablanketi inayo.

Je, huo ni upumbavu wa mpigakura? Naona ni upofu zaidi, na upofu huo una sababu. Hawezi kuona mafuriko ambayo hayakutokea. Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998, akiwa mtoto wa miaka 9 aliishuhudia njaa kubwa ya mwaka 1943 iliyoua mamilioni huko Bengal, India ikiwa bado koloni. Baadaye alitoa hoja iliyojulikana sana: baa la njaa halitokei katika nchi yenye uchaguzi wa ushindani na magazeti huru, kwa kuwa hakuna serikali inayoweza kuacha maiti barabarani kisha ikarudi kuomba kura. India huru haijapata njaa ya namna ile. Lakini Sen huyohuyo alisisitiza upande wa pili: nchi hiyohiyo iliendelea kuwa na watoto wengi wenye utapiamlo, njaa ya polepole isiyopigwa picha, na kura hazikuiadhibu serikali kwa hilo. Nguvu ya mpigakura ni kubwa pale jambo linapoonekana kwa macho. Lisipoonekana, hana pa kuishikilia serikali, hata kama linamuua mwanawe. Ndiyo maana anayechapisha takwimu za utapiamlo wilaya kwa wilaya, au ripoti ya mkaguzi wa hesabu inayosomeka, anaipa kura uwezo ambao karatasi peke yake haina.

Nirudi kwa mjomba, maana jibu lake lina utafiti nyuma yake ingawa yeye hakuujua. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Tom Tyler aliwahoji wakazi zaidi ya 1,500 wa Chicago juu ya yaliyowapata walipokutana na polisi na mahakama. Ungetegemea aliyeshinda kesi aridhike na aliyepigwa faini achukie. Matokeo hayakuwa mepesi hivyo. Kilichoamua zaidi kama mtu anaziona mamlaka kuwa halali, na kama atazitii kesho, ni namna alivyotendewa: kama alisikilizwa, kama sheria ilitumika sawa kwa wote, kama alielezwa sababu, kama aliongeleshwa kama mtu mzima mwenye heshima zake. Watu walikubali hata uamuzi uliowaumiza, mradi njia iliyofikia uamuzi huo ilikuwa ya haki.

Huduma ya dirishani ni siasa, basi, tena kwa wengi ndiyo siasa pekee wanayokutana nayo kati ya uchaguzi na uchaguzi. Ilani ya chama yenye kurasa mia mbili hawataisoma. Kijana asiyeinua macho watamkumbuka. Na kuinua macho hakuhitaji bajeti.

Kuna wanaohofia kwamba tukimsikiliza mpigakura kwa kila jambo hakuna serikali itakayothubutu kufanya lililo gumu. Stockholm, Uswidi, inanipa matumaini. Jiji lilipotaka kutoza magari yanayoingia katikati ya mji ili kupunguza foleni, wakazi wengi walipinga. Badala ya kuwalazimisha moja kwa moja au kuliacha, tozo ilijaribiwa kwa muda uliotangazwa, kuanzia Januari hadi Julai 2006, kisha ikasimamishwa, na Septemba wakaulizwa kwa kura. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban moja ya tano, na mtu aliliona hilo kwa macho yake akienda kazini. Zaidi kidogo ya nusu ya wapigakura wa jiji wakasema ndiyo, na mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu. Wakazi wa miji mingi ya jirani, ambao walilipa bila kufaidi sana, waliikataa, nao walikuwa na hoja. Ninachokipenda pale ni ule utaratibu: mmeambiwa itaanza lini, itaisha lini, na neno la mwisho ni lenu. Matakwa ya watu hayakuwa jiwe. Yalibadilika walipoaminiwa wajionee.

Porto Alegre, kusini mwa Brazil, walikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1989 wakazi walikutana mtaa kwa mtaa kuamua sehemu ya bajeti ya jiji itumike wapi. Waliopewa kikomo cha fedha pamoja na kalamu hawakuandika ndoto. Walijadiliana, huyu akiachia lami mwaka huu ili yule apate mfereji wa majitaka, kwa makubaliano kwamba mwakani zamu itageuka. Kati ya 1988 na 1997 kaya zilizounganishwa na maji na majitaka ziliongezeka kutoka takriban asilimia 75 hadi 98. Kisha miaka ikapita, fedha za miradi zikapungua, miradi iliyopigiwa kura ikalala kwenye makabati, na watu wakaacha kuja mikutanoni. Mwaka 2017 jiji likausimamisha mpango huo. Waliosema wananchi wamechoka kushirikishwa walikosea. Wananchi walichoka kuamua mambo yasiyotekelezwa.

Mjomba alipata karatasi yake. Mara ya tano tulipokwenda, dirisha lile lilikuwa limefungwa, na mama mmoja wa dirisha la pembeni alituita. Akamsikiliza mjomba hadi mwisho, akapiga simu mbili mbele yetu, akaandika jina lake kwenye daftari. "Baba, faili lako limekutwa idara nyingine. Kulihamisha kunachukua siku kumi za kazi, na siwezi kukufupishia. Njoo tarehe kumi na nane, uliza mimi."

Siku kumi zilikuwa ndefu kuliko Jumatatu zote alizokwisha kuahidiwa. Mjomba aliomba kalamu, akaandika tarehe nyuma ya bahasha yake, akaisoma tena kwa sauti ili mama yule aisikie. Kisha akaniambia twende nyumbani.